Mlichanga Mguu, Hamkuninunua

Ujumbe wa kwanza kuingia kwa simu yangu baada ya kuweka ile video haukuwa wa pongezi. Ulitoka kwa grupu ya WhatsApp ya ukoo, kwa anko mmoja ambaye huwa haandiki kitu mwaka mzima ila kukiwa na matanga. Aliandika hivi: "Kwani huyu si ndiye tulimchangia mguu?"

Basi. Hakuna salamu, hakuna kicheko. Ndani ya dakika kumi watu kumi na wanne walikuwa wamejibu kwa yale macho mawili yanayoangalia kando. Kama umelelewa Kisii au Nyamira unajua: grupu ya ukoo ikianza kuangalia kando, kesi iko njiani na mwenyekiti ashachaguliwa.

Wengi wenu mlinijua juzi tu kwa sababu ya zile sekunde hamsini, nikianguka kutoka mawinguni kule Diani nikiwa na mguu mmoja wa kuzaliwa na mwingine wa kutengenezwa. Karibuni. Leo sina muziki wala vituko. Nataka kuongea juu ya huo ujumbe wa anko, kwa sababu umenikwama kooni kama mwiba wa samaki na sijui kumeza.

Mimi ni wa Manga, Nyamira, upande wa juu, pale ukisimama ukingoni unaona nchi yote imelala chini yako, na siku ikiwa safi ziwa linameta huko mbali. Tukiwa watoto tulikuwa tunasimama pale tukitandaza mikono upepo utupige. Kila mtoto wa Manga ameshawahi kusimama pale akijiuliza itakuwaje akijiachilia. Mama zetu walijua hilo swali, ndiyo maana tulichapwa.

Mwaka wa 2021 nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimetoka soko la Daraja Mbili kununua raba za mtumba, nyeupe, namba 39, na tulikuwa watatu kwa boda moja. Ndiyo, watatu. Usianze. Mvua, kona, lori. Wenzangu walitoka na mikwaruzo. Mimi niliamka hospitalini mguu wa kulia ukiishia kati ya goti na kifundo. Raba zilirudi nyumbani ndani ya mfuko zikiwa safi kabisa, zote mbili.

Watu wa mjini wakisikia umekatwa mguu wanafikiria maumivu. Maumivu yalikuwako, siwadanganyi. Usiku vidole ambavyo havipo vilikuwa vinaniwasha, na huwezi kukuna kitu ambacho kimezikwa. Lakini kilichonimaliza mimi ni mteremko. Mungu alipomaliza kuumba Gusii alisahau kupiga pasi. Hakuna mahali pa tambarare. Ukitoka nyumbani unashuka, ukirudi unapanda, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unageuka sabuni. Gongo linaingia tope, unalivuta, linatoka na kilo mbili za shamba. Majani chai yanachumwa kwa mikono miwili, magongo nayo yanashikwa kwa mikono miwili, kwa hivyo fanya hesabu mwenyewe. Na choo, manze. Choo cha shimo, mguu mmoja, usiku, mvua. Sitaeleza zaidi. Wenye wamepitia wanajua, wengine kaeni tu na hiyo picha.

Nilikaa hivyo karibu mwaka mmoja. Halafu watu wakachanga.

Hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu sitaki mtu aseme sina shukrani. Harambee ilifanywa siku ya Jumapili, kwa uwanja wa shule ya msingi, kwa sababu sisi ni Wasabato na Jumamosi haiguswi. Turubai lilikodishwa. Mgeni wa heshima alichelewa saa mbili kama inavyotakikana. Kulikuwa na meza, beseni, na daftari la kurasa 96 ambamo mama mmoja wa kijijini, ambaye kila mtu anamwita Mweka Hazina hata kama si siku ya kikao, aliandika jina la kila mtu na alichotoa. Kisha yalisomwa yote kwa maikrofoni. Fulani, elfu mbili. Fulani, mia tano. Fulani, hamsini na ndizi mkungu mmoja. Kuku walipigwa mnada, mmoja akauzwa mara tatu kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Mimi nilikaa mbele kwa kiti cha plastiki, suruali imekunjwa na kufungwa pini, nikitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Pesa zilifika. Zikaongezwa za kaka yangu aliye Nairobi, na nikapata mguu. Kikombe kinachoingia kigutu, soksi nene ya silikoni ndani yake, kipini chini kinachoingia kwa kikombe na kulia ka-ka-ka kikishika, bomba la chuma, na unyayo wa mpira. Siku ya kwanza nilivaa raba zangu nyeupe, zote mbili. Nililia, mama akalia, fundi akaenda nje kujifanya anapokea simu.

Kwa hivyo ndiyo, anko. Ni mimi.

Sasa sikiliza kile hakuna mtu huwa anakuambia juu ya mguu wa mchango. Unakuwa kama Safaricom ya 2008, kila mtu ana hisa. Nikishuka barabarani watu hawaniulizi habari yangu, wananiuliza, "Mguu wetu uko aje?" Wetu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya hamsini nilianza kusikia. Nilicheza kwa harusi ya binamu, mzee mmoja akaja kuninong'oneza nisiharibu, pesa ni ngumu siku hizi. Nilivaa gauni fupi, mama fulani akauliza kama tulichanga ili niutembeze uchi. Nilionekana Kisii mjini na kijana, tukila kuku na chipsi, na habari ikafika nyumbani kabla sijamaliza mfupa: huyu ameshapona sasa, anakula tu maisha. Kanisani nikikosa wiki moja, ni "na vile Mungu amekutendea". Yaani nilipewa mguu wa kutembea, lakini njia za kutembea zilikuwa zimeshachorwa. Nyumbani, kanisani, hospitalini, na kwa shughuli za watu wengine, nikae mbele nishukuru.

Mtu aliyechangiwa anatakiwa aonekane amesaidika, lakini asionekane anafurahia sana. Hakuna mahali imeandikwa. Lakini jaribu kuivunja uone.

Kazi yangu, kwa wale hawajui, ni kurekodi harusi na matanga na kuyarusha mtandaoni kwa jamaa walio nje. Zaidi ni matanga. Watu wetu wako Marekani, wako Qatar, wako kila mahali, na mtu akizikwa Nyamira lazima aonekane akizikwa. Ni kazi ya kusimama saa sita juani na kamera, na mguu wa silikoni ndani yake jasho linajaa kama kikombe cha chai. Ndiyo iliyonilisha. Na kwa miaka miwili niliweka pesa kidogo kidogo kwa akaunti ambayo mama hakujua. Sikujiwekea kiwanja. Niliweka ya kuruka.

Usiniulize ni lini wazo lilianza, nafikiri ni pale ukingoni nikiwa na miaka saba. Lakini nilipoanza kutafuta kama inawezekana, nilikutana na mtu anaitwa Dana Bowman. Alikuwa mwanajeshi wa Marekani, kwa kile kikosi chao cha maonyesho ya parachuti kinachoitwa Golden Knights. Tarehe 6 Februari 1994, wakiwa mazoezini huko Yuma, Arizona, aligongana na mwenzake hewani. Mwenzake akafa. Yeye akapoteza miguu yote miwili. Miezi kama tisa baadaye alikula kiapo upya jeshini, na kwa hiyo sherehe alifika akitoka juu, na parachuti. Nilisoma hiyo habari usiku mmoja nikiwa nimechaji simu kwa jirani, na sikulala.

Halafu nikapata ile nyingine ambayo ilinichekesha na kunitisha kwa pamoja. Mwaka wa 2020, huko Vermont, Marekani, mwanaume mmoja aliruka na mguu bandia ukamtoka hewani. Akatua bila. Baadaye mkulima akauokota katikati ya shamba lake la soya, bado mzima. Nilijaribu kufikiria hiyo ikitokea kwetu. Mguu uanguke kwa shamba la chai la mtu, Nyansiongo, saa nne asubuhi. Wachumaji wangehama kijiji. Maombi yangefanywa wiki mbili.

Lakini wacha mzaha. Huyo wa Vermont mguu ulirudi. Wangu ukitoka juu ya Bahari ya Hindi, nani atauokota, papa?

Nilimwambia mama naenda Pwani kwa kazi ya kurekodi harusi. Mama, ambaye kwa Ekegusii tunamwita baba (ndiyo, baba ni mama na tata ndiye baba, shikeni hivyo hivyo), alinifungia mahindi ya kuchemsha na kuniambia niweke mguu kivulini. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya hadithi hii ambayo naionea aibu. Nilimdanganya mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa na miaka 19.

Basi la usiku mpaka Nairobi, treni ya SGR mpaka Miritini, feri ya Likoni, matatu mpaka Ukunda. Mwenye miguu yake miwili ataona ni safari tu. Kigutu nacho kina tabia zake. Ukikaa sana kinavimba, ukipata joto kinatoa jasho, ukipoa kinanywea, na kikombe cha mguu kilipimwa siku moja Nairobi kukiwa na baridi, hakijui hayo mambo. Nilifika Diani kikombe kinabana juu na kuteleza chini. Nilitoa soksi moja ya pamba, nikapaka poda, nikalala nimeinua mguu ukutani kama mtu anayefanya yoga.

Wale wa kurusha watu nilikuwa nimewapigia simu wiki tatu kabla. Sikutaka kufika pale nianze kubishana getini. Mkufunzi aliyenishika alikuwa mtu mtulivu sana, mwenye maswali ya kawaida: uzito wangu, dawa gani nakunywa, goti linakunja mpaka wapi, mguu unashikwa na nini. Sio "pole". Sio "Mungu ni mwema". Aliuliza kipini kinafungukia upande gani. Wueh, nilikaribia kumwomba aje aishi Manga.

Kisha akanieleza kitu ambacho kilinimaliza nguvu. Ukiruka ukiwa umefungwa na mkufunzi, yeye yuko nyuma yako, mmeshikanishwa mabegani na kiunoni. Mkitoka kwa mlango unakunja miguu yote nyuma, kati ya yake. Mkitua unainua miguu yote mbele, juu kadiri unavyoweza, na mnateleza kwa makalio mchangani. Miguu yako haifanyi kazi yoyote. Kwa hivyo, akasema, naweza kuuacha hapa chini. Au naweza kwenda nao, lakini akiufunga mwenyewe, ufungwe mpaka ukatae kutoka, na kamba ya pili kutoka kwa bomba mpaka kwa mikanda yangu, kwa sababu chuma cha kilo mbili kikianguka kutoka huko juu kinaweza kuua mvuvi.

Nilikaa kwa benchi nikafikiria. Hesabu ilikuwa rahisi. Ukibaki chini uko salama. Ni mguu wa laki na kitu, wa watu zaidi ya mia mbili, wa kuku aliyeuzwa mara tatu. Juu sihitaji. Mtu mwenye akili anauacha.

Na ndivyo nilivyogundua kwamba miaka yote hiyo, hata mimi, kichwani mwangu, nilikuwa nauita mguu wa watu. Nilikuwa nautunza kama mtu anavyotunza sufuria ya kuazima. Nilikuwa sijawahi kuupeleka mahali popote ambapo singeweza kueleza kikao. Bafuni nilikuwa nauegemeza ukutani uso ukiangalia kwingine, si utani, kana kwamba Mweka Hazina yuko ndani yake.

Nikasema tufunge. Naenda nao.

Unaweza kusema ulikuwa ujinga. Dada yangu amesema, na sina jibu zuri. Kama ungetoka singekuwa na mwingine, na sasa hivi ningekuwa naandika haya nikiwa na magongo kwa tope, na anko angekuwa sahihi. Sikupima vizuri. Nilitaka tu, mara moja, kuutumia kama mtu anavyotumia mguu wake, ambao hauombi ruhusa.

Walizungusha tepu nene kutoka juu ya goti mpaka nusu ya bomba. Nikavaa raba nyeupe. Sasa hivi si nyeupe sana.

Ndege ni ndogo, haina viti, mnakaa chini mmebanana kama kwa matatu ya Keroka siku ya soko. Inapanda polepole, zaidi ya robo saa. Kwenye futi elfu tatu nilifikiri tumefika. Mkufunzi akacheka. Tulikuwa tunaenda kama elfu kumi, yaani kilomita tatu juu ya bahari. Mlango ukafunguliwa na kelele ikaingia ndani kama lori. Nikasogezwa mpaka ukingoni, miguu ikining'inia nje. Hapo unaona unyayo wako, na chini ya unyayo hakuna kitu, na chini ya hicho hakuna kitu, halafu bahari.

Sitaongopa kwamba niliwaza mambo makubwa. Niliwaza daftari. Nilisikia lile daftari likisomwa kwa maikrofoni, jina kwa jina, na kabla lifike herufi ya pili tulikuwa nje.

Watu huniuliza kama tumbo linapanda kama kwa bembea. Hapana. Sekunde moja ya kwanza labda. Baada ya hapo hujisikii unaanguka, unajisikia umelalia upepo mgumu. Mnaenda karibu kilomita mia mbili kwa saa na huoni kitu kikikupita, kwa hivyo ni kama umesimama na dunia ndiyo inapiga kelele. Mashavu yanapepea. Ukifungua mdomo upepo unaingia na kukaa. Na hapo, nawaambia vile ilikuwa na mnaweza kucheka, nilisikia baridi kati ya vidole vya mguu wa kulia. Vile ambavyo havipo. Vilikuwa vimeniwasha miaka minne, vimeniuma, vimekunjamana usiku. Ilikuwa mara ya kwanza vinipe kitu kizuri.

Parachuti ikafunguka, tukavutwa juu, na kelele yote ikaisha. Kimya hicho sijui nikifananishe na nini. Unaongea na mtu wa nyuma yako kwa sauti ya kawaida kama mko sebuleni. Chini kuna ule mstari mweupe ambapo mawimbi yanavunjika kwa miamba ya matumbawe, ndani yake maji ya kijani, nje yake buluu nzito. Nazi, mapaa, barabara ya Ukunda kama uzi. Nikaangalia miguu yangu. Raba mbili za Daraja Mbili zimening'inia pamoja hewani, na huwezi kujua ni ipi ina mtu ndani.

Tulitua kwa makalio kama alivyosema. Nilishika paja la kulia kwa mikono kuliinua, tukateleza, mchanga ukaingia kila mahali. Mguu ulikuwa pale. Tepu haikuwa imesogea hata kidogo. Wakanifungua nisimame nikashindwa, na watu wawili wakakimbia kunishika kwa upande wa kulia, wakifikiria ni huo. Kumbe goti lililokuwa linatetemeka kama jeli ni la mguu mzima.

Basi nikaweka video. Nusu yenu mlikuwa kama anko. Nusu nyingine, samahani, mlinikasirisha zaidi. Kuna mtu aliichukua akaiwekea piano ya huzuni na maandishi: yeye ana mguu mmoja na ameweza, wewe una kisingizio gani? Ndugu yangu, nilikuwa nimefungwa kwa mwanaume anayefanya hiyo kazi kila siku. Nililipa. Nilipiga kelele. Ujasiri gani? Gunia la viazi likilipiwa linaweza kufanya nilichofanya, na litatua vizuri zaidi. Kama mnatafuta ujasiri njooni Manga mwezi wa nne, mvua imenyesha, mnitazame nikishuka kisimani na mtungi wa lita ishirini. Hakuna anayewekea hiyo piano.

Nimefikiria sana na naona anko na yule wa piano wanafanya kitu kimoja. Mmoja ananidai shukrani, mwingine ananidai mafunzo. Wote wanaona mguu, na wote wana risiti.

Na hapa ndipo nakasirika kwa watu ambao si anko. Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Haki. Ningeupata mguu huu kama vile mtu anavyopata kitambulisho, kwa foleni na matusi kidogo, singekuwa na deni na mtu. Hakuna anayekuuliza kwa nini umeenda klabu na kitambulisho chetu. Lakini kwa sababu haki hiyo haikufika Manga, majirani wanaouza majani chai kwa kilo walilazimika kuwa serikali. Na ukishaifanyia serikali kazi yake kwa shilingi hamsini zako za mboga, lazima utataka kujua inatembea wapi. Simlaumu anko kwa hilo. Namlaumu kwa kuuliza kwa grupu badala ya kunipigia.

Tena wengi hawajui mguu huu hauishi milele. Ile soksi ya silikoni nikibahatika inanifikisha mwaka mmoja, kisha inapasuka na inaanza kunichubua. Unyayo unaisha kama soli. Kikombe chenyewe, kigutu kikibadilika umbo, ni cha kutengenezwa upya. Soksi mbili za mwisho nimenunua mwenyewe, kwa pesa za matanga. Sikuwaambia kwa grupu. Nilifikiri si habari.

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa ameonyeshwa video na mtoto wa jirani. Hakunigombeza. Alinipa chakula, akaenda kulala, na siku tisa hakuniambia kitu zaidi ya "kula" na "funga mlango". Mnaojua mama wa Kigusii akinyamaza mnajua ningependelea fimbo.

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Jioni, Mweka Hazina akabisha hodi. Alikuwa amevaa leso ya vikao, na chini ya kwapa alikuwa na lile daftari. Nikasema yamefika. Alikaa, akaomba chai, akakataa kuongea mpaka chai ije. Mama alimletea akakaa upande ule mwingine, hakuniangalia.

"Nimesikia uliruka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Sijaona. Simu yangu ni ya tochi. Nionyeshe."

Nikafungua kompyuta niliyonunua kwa kazi, nikamwekea yote, si zile sekunde hamsini, ile ndefu ya dakika saba. Aliangalia bila kupepesa. Pale mlangoni alishika mkono wa mama akaubana. Akaniambia rudisha. Nikarudisha. Akaniambia tena.

"Mguu haukutoka?"

"Haukutoka."

"Walifunga na nini?"

Nikamweleza tepu, kamba ya pili, mikanda. Alitikisa kichwa kama fundi akikagua kazi ya fundi mwingine. Kisha akafungua daftari, akalamba kidole, akapita kurasa polepole. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni nitaanza kulipa na nani. Alipofika alipotaka, akageuza daftari niione. Lilikuwa jina lake mwenyewe, kwa mwandiko wake. Shilingi mia mbili. Kuku mmoja.

Akaangalia ile picha iliyosimama kwa kompyuta, raba mbili juu ya bahari.

"Kwa hivyo kuku wangu," akasema, "ameruka futi elfu kumi."

Mama alicheka mpaka chai ikamwagika kwa leso. Alijifuta macho, akajaribu kunyamaza, akashindwa, akaanza tena. Alipopata pumzi aliniambia nikafungie wale wengine, giza linaingia.